Namna Picha za Sinema Ziingiavyo katika Simu ya Mkononi

Mtu akitoka Forodhani, akapita katika vichochoro vya Mji Mkongwe mpaka Darajani, ataliona soko kubwa la Unguja, na kandokando yake maduka madogo ya simu. Katika baadhi ya maduka hayo kijana hukaa mbele ya kompyuta, na watu humletea simu zao na kadi zao za kumbukumbu apate kuwatilia nyimbo na sinema. Mteja husema maneno machache tu, "Nitilie hii, iweze kucheza katika simu yangu," kisha huenda zake sokoni kununua samaki na ndizi. Akirudi huikuta kazi imekwisha. Kwa kuwa kazi yenyewe haikumchosha, hudhani kuwa ni jambo dogo, kama kumimina maji kutoka mtungini na kuyatia katika kopo.

Walakini sivyo. Sinema iliyotiwa katika simu si ile ile iliyotoka katika kanda yake au katika sahani yake. Imegeuzwa, na katika kugeuzwa imepunguzwa, na kilichopunguzwa hakirudi. Habari hii yafaa ijulikane na kila mtu aliye na picha asizotaka zipotee.

Si jambo jipya chombo kukiamuru kitu kitiwacho ndani yake. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika kisiwa cha Unguja na kufariki mwaka 1950, alisafiri pamoja na wenzake mwaka 1928 kwenda Bombay katika Bara Hindi. Huko waliimba nyimbo za Kiswahili mbele ya mashine ya kampuni ya His Master's Voice, zikatiwa katika santuri. Santuri za siku hizo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulichukua kama dakika tatu tu za sauti. Taarabu barazani haina saa. Ubeti ukiwapendeza wasikilizaji hurudiwa, na tena hurudiwa. Mbele ya mashine mambo yalikuwa mengine: wimbo ulipaswa kwisha kabla sindano haijafika katikati ya sahani. Chombo kilikuwa kidogo, na wimbo ukajikunja ukaingia. Leo nyimbo za santuri za zamani huweza kusikika katika simu, na sauti huhama kwa urahisi kuliko picha, maana sauti haitaki nafasi kubwa. Picha ndiyo yenye taabu.

Zamani picha ziendazo zilionyeshwa katika majumba. Katika mtaa wa Vuga lilifunguliwa jumba la Royal mwaka 1921, na baada ya moto wa mwaka 1954 likajengwa mahali pale jumba la Majestic. Sinema ya siku hizo ilikuwa utepe mrefu wenye upana wa milimita 35, umejaa picha ndogo zilizopangwa moja baada ya moja. Taa kali iliziangaza picha hizo juu ya kitambaa cheupe, picha 24 kwa kila sekunde. Hakuna hata moja iliyokwenda. Kila picha ilisimama kimya, ikaondoka, ikaja nyingine iliyohitilafiana nayo kidogo tu, na jicho la mwanadamu ndilo lililoziunga zikawa mwendo. Shina la habari yote ni hilo: picha iendayo ni picha nyingi zisizokwenda.

Mwaka 1973 Zanzibar ilianza kuonyesha televisheni ya rangi, hali Tanzania Bara haikupata televisheni yake mpaka mwaka 1994. Televisheni ya Zanzibar ilifuata mtindo uitwao PAL. Kwa mtindo huo picha huchorwa kwa mistari 625, ambayo katika hiyo mistari 576 ndiyo ibebayo picha, na picha kamili 25 hupita kila sekunde. Baadaye zikaenea deki za kanda za VHS, zilizotokea Japani mwaka 1976, na watu wakaanza kuweka majumbani mwao kumbukumbu za harusi, za maulidi na za mechi za mpira. Kanda nyingi za namna hiyo zingalimo makabatini mpaka leo. Unyevu wa kisiwani ni adui yao mkubwa, maana kanda ikikaa miaka mingi mahali pasipo na hewa, hasa wakati wa masika, huota kuvu. Na deki zenyewe zaadimika: kampuni ya Funai ya Japani, iliyojulikana kuwa ya mwisho kuzitengeneza, iliacha kazi hiyo mwaka 2016. Kwa hiyo mwenye kanda hana budi kuihamisha, naye hutaka kuihamishia katika chombo akishikacho kila siku, yaani simu.

Sasa na ifanywe hesabu, maana bila ya hesabu jambo hili halieleweki. Picha katika kompyuta imefanywa kwa nukta nyingi ndogo, kama mkeka wa rangi ulivyosukwa kwa miyaa. Ukiutazama mkeka kwa mbali waona maua. Ukiinama karibu waona chane moja moja. Picha moja ya video nzuri ya siku hizi ina nukta 1,920 kwa upana na nukta 1,080 kwa kimo, jumla nukta 2,073,600. Kila nukta yataka namba tatu za kueleza rangi yake: moja ya wekundu, moja ya ukijani na moja ya ubuluu. Kila namba huchukua nafasi moja iitwayo baiti. Basi picha moja ni baiti 6,220,800, na kwa kuwa picha 25 hupita katika sekunde moja, sekunde hiyo moja yataka baiti 155,520,000. Kadi ya gigabaiti 32, yaani baiti 32,000,000,000, ingejaa kabla ya dakika ya nne. Bwana harusi angekuwa hajafika hata mlangoni.

Ni wazi, basi, kwamba hakuna simu iwezayo kuchukua video ikiwa nzima kama ilivyo. Hata kamera yenyewe huipunguza papo hapo inapoipiga. Ziko njia mbili za kupunguza, nazo hutumika pamoja.

Njia ya kwanza ni kupunguza nukta. Simu ndogo za vitufe zina kioo cha nukta 320 kwa 240, au pungufu ya hapo. Hizo ni nukta 76,800, na mwenye kugawanya ataona kuwa ni sehemu moja tu katika sehemu 27 za video kubwa iliyotajwa. Kuitilia simu kama hiyo video yenye nukta milioni mbili ni kama kumwagia debe zima la maji juu ya kikombe: kikombe hakitajaa zaidi ya kujaa. Mara nyingi simu hata haiwezi kuicheza. Hukwama, au huandika tu kwamba faili haifunguki. Lakini mwenye kupunguza na aangalie kwamba upana na kimo vinapungua kwa kadiri moja. Picha za televisheni ya zamani zina upana wa sehemu nne kwa kimo cha sehemu tatu, na vioo vingi vya siku hizi ni virefu zaidi. Mtu mwenye haraka huivuta picha mpaka ijaze kioo kizima. Mabibi harusi wengi wa Unguja wamenenepeshwa kwa njia hii, na hakuna aliyewaomba radhi.

Njia ya pili ni kubana, nayo ina hila nzuri. Fikiri jahazi likipita mbele ya Forodhani wakati wa jioni. Mbingu haibadiliki, kuta za Ngome Kongwe hazibadiliki, minazi ya mbali haibadiliki. Kinachokwenda ni jahazi tu na viwimbi vichache. Basi programu ya kubana huandika picha moja nzima, na kwa picha zifuatazo huandika mabadiliko peke yake, kana kwamba inasema, "Yote kama kwanza, ila tanga limesogea nukta tatu upande wa kushoto." Baada ya sekunde chache huandika tena picha nzima, ili mtu akiruka katikati ya sinema apate mahali pa kuanzia. Ndiyo sababu msomaji wa habari aliyeketi kitini hubanika kwa urahisi sana, na ngoma ya watu mia, au mvua ya masika ipigayo juu ya mabati, huwa taabu. Katika mvua kila nukta imo mwendoni, na programu haina la kuacha.

Tena programu hujua udhaifu wa jicho. Jicho la mwanadamu huona tofauti za mwanga na kivuli kwa ukali kuliko lionavyo tofauti za rangi. Kwa hiyo mwanga huandikwa kwa kila nukta, lakini rangi huandikwa moja kwa kila nukta nne, na watazamaji hawatambui. Kisha huachwa vitu vidogo vidogo ambavyo jicho huenda lisivitafute: nyuzi za kofia ya viua, mikunjo ya kanga, nywele. Kwa kadiri mtu atakavyo faili ndogo ndivyo vitu vingi zaidi viachwavyo. Akipita kiasi, picha huvunjika ikawa vipande vya mraba kama sakafu ya vigae, na nyuso hupoteza macho.

Mtindo wa kubana huitwa kodeki. Simu nyingi za zamani zilijua kodeki iitwayo H.263. Mwaka 2003 ilikamilishwa kodeki ya H.264, ambayo leo karibu kila simu janja huijua. Na zimekuja nyingine zibanazo zaidi, kama H.265 ya mwaka 2013 na AV1 ya mwaka 2018, ambazo simu za bei ndogo huenda zisizijue, au zikazicheza kwa kula chaji nyingi. Kwa hiyo fundi mwenye busara asiyeijua simu ya mteja huchagua H.264.

Hapa pana jambo linalowapotosha watu wengi, nalo ni kuchanganya kasha na kilichomo ndani yake. Kila mtu wa Unguja amepata kuona kasha la zamani lenye njumu za shaba. Mtu akilitazama kwa nje hawezi kujua kama ndani mna nguo, au vyombo, au hati za shamba. Vivyo hivyo maneno AVI, MKV, MP4 na 3GP yaandikwayo mwishoni mwa jina la faili ni majina ya makasha tu. Ndani ya kasha mna picha iliyobanwa kwa kodeki moja, na sauti iliyobanwa kwa kodeki nyingine, na orodha ielezayo kila kitu kimekaa wapi. Mtu akifuta neno AVI akaandika MP4 mahali pake, amebadilisha kibandiko cha nje, na simu haitadanganyika.

Kutokana na hayo hutokea faida kubwa, ambayo mafundi wengine hawaijui. Ikiwa picha na sauti zilizomo zimekwisha kubanwa kwa kodeki ambazo simu yazijua, na kasha peke yake ndilo lisilojulikana, hakuna haja ya kubana upya. Yatosha kuzitoa katika kasha moja na kuzitia katika jingine bila kuzigusa. Kazi hiyo huchukua muda mfupi sana wala haipotezi hata nukta moja. Na pengine picha huonekana vizuri lakini sauti haisikiki. Mara nyingi hiyo ni ishara kwamba simu haiijui kodeki ya sauti. Kwa mfano, sahani nyingi za DVD zina sauti iliyobanwa kwa mtindo uitwao AC-3, nazo simu nyingi haziujui. Hapo hugeuzwa sauti peke yake, na picha huachwa kama ilivyo. Anayegeuza vyote kwa sababu ya kimoja anaharibu bure.

Chukua mfano wa nyumba moja ya Mkunazini, iliyo na kanda ya harusi. Katika kanda hiyo bibi wa nyumba, ambaye sasa ni marehemu, amesimama nyuma ya bibi harusi, akimwombea dua mwanawe. Hakuna picha yake nyingine iendayo. Mjukuu ametumwa Darajani na kanda mkononi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nini leo?"

"Mama amenituma. Anataka harusi yake iingie katika simu hii."

Fundi akaipokea simu, akaigeuza mkononi. "Hii ni ya vitufe, kioo chake kidogo sana. Itataka picha ya nukta 176 kwa 144, basi. Sikiliza, mwanangu. Mwambie mama nitafanya mbili: moja kubwa ya kuweka, na moja ndogo ya simu."

"Mama ametoa pesa za moja tu, mjomba. Amesema hiyo hiyo ya simu."

Fundi akafanya hiyo hiyo ya simu, na mama akafurahi, maana katika kioo kidogo haikuonekana kasoro. Kanda ikarudi kabatini. Miaka ikapita, nyumba ikatengenezwa paa, kabati likatolewa nje, na kwa kuwa hakuna mtu mle ndani aliyekuwa na deki tena, kanda ikatupwa pamoja na takataka za chokaa. Kisha mama akapata simu nzuri yenye kioo kipana. Akaitafuta harusi yake, akaifungua, akamtafuta mama yake nyuma ya kiti. Akaona ushungi, na ndani ya ushungi kivuli cha rangi ya kahawia.

Hesabu yaeleza sababu. Kanda ya VHS ikihamishwa vizuri kwa mtindo wa PAL, picha yake huandikwa kwa nukta 720 kwa 576, yaani 414,720. Picha ya nukta 176 kwa 144 ni nukta 25,344. Kwa kila nukta 16 zilizokuwako, ilibaki kama moja. Uso wa mtu asimamaye mbali ulibakiwa na nukta kama kumi tu kwa upana, na katika nukta kumi hapana nafasi ya macho, pua na kinywa.

Mjukuu, ambaye sasa alikuwa msichana mkubwa, akarudi kwa fundi yule yule. "Mjomba, huwezi kuikuza?"

"Kuikuza naweza, mwanangu. Nukta zitakuwa kubwa. Hazitakuwa nyingi."

Alisema kweli. Ziko programu za siku hizi zijazazo nukta zisizokuwako, nazo huleta uso mwangavu wenye macho na nyusi. Lakini nyusi hizo zimekisiwa kutokana na nyuso za watu wengine maelfu ambazo programu ilifundishwa. Uso huo hupendeza, ila huenda usiwe uso wa bibi, na mtoto asiyemjua bibi atauamini.

Fundi hakukosea kuitengeneza faili ndogo, kwa sababu simu ya siku ile haikuweza nyingine. Kosa lilikuwa kwamba faili ndogo iliachwa peke yake. Desturi nzuri ni hii: kanda huhamishwa kwanza kuwa faili kubwa, nayo huwekwa mahali pawili mbalimbali, kwa mfano moja katika diski ya kompyuta nyumbani na moja kwa ndugu aishiye mtaa mwingine. Faili hiyo haitazamwi kila siku. Kila simu mpya ikija, hutolewa faili ndogo ya kuifaa simu hiyo kutoka katika ile kubwa, wala si kutoka katika faili ndogo ya simu iliyotangulia. Kubana kilichokwisha kubanwa ni kukosa mara mbili.

Hapa msomaji na atofautishe kunakili na kugeuza. Zamani mtu akinakili kanda katika kanda, nakala ilikuwa dhaifu kuliko asili, na nakala ya nakala ilikuwa dhaifu zaidi. Faili haiko hivyo. Faili ikinakiliwa kutoka katika kompyuta hadi katika flashi, nakala ni sawasawa na asili, baiti kwa baiti, hata ikinakiliwa mara elfu. Kinachopunguza ni kugeuza. Na kugeuza huweza kufanyika bila mwenyewe kujua: programu za kupeleka ujumbe, kama WhatsApp, huibana video ipelekwayo kwa njia ya kawaida. Jamaa wa Muscat au wa London apokeaye harusi kwa njia hiyo amepokea iliyopunguzwa, na akiihariri kidogo na kuipeleka upya, hupunguzwa tena. Ikipelekwa kama hati, kama ipelekwavyo barua iliyochapwa, hufika nzima, ingawa huchukua muda na bando kubwa.

Kuhamisha kanda kwataka subira. Kanda ya saa tatu huchukua saa tatu, maana deki haina mwendo wa haraka wa kusoma picha. Tena televisheni ya zamani ilichora kila picha kwa nusu mbili: kwanza mistari ya 1, 3, 5 na kuendelea, kisha mistari ya 2, 4, 6. Kioo cha simu huchora mistari yote pamoja. Nusu hizo zisipopatanishwa, kila kinachokwenda huonekana kina meno pembeni kama chanuo. Katika programu nyingi kuna mahali pa kuchagua meno hayo yaondolewe, nako ni kuzuri kufanywe katika faili ndogo, na ile kubwa iachwe kama ilivyotoka.

Jambo la umeme nalo si dogo katika kisiwa. Umeme wa Unguja huja kwa waya upitao chini ya bahari kutoka bara mpaka Fumba; waya huo ulipoharibika mwezi wa Desemba mwaka 2009, kisiwa kilikaa gizani mpaka mwezi wa Machi mwaka 2010. Hata umeme ukatikapo kwa dakika moja, mwenye kugeuza video hupata hasara, na sababu yake ni ile orodha ya ndani ya kasha. Katika kasha la MP4 orodha hiyo kwa kawaida huandikwa mwisho, kazi inapokwisha. Umeme ukikatika katika dakika ya mia, picha za dakika hizo zote zimo ndani ya faili, lakini hakuna orodha ielezayo zilipo, na faili haifunguki. Kasha la MKV huvumilia zaidi. Likikatizwa, kwa kawaida sehemu iliyokwisha kuandikwa huweza kutazamwa. Kwa hiyo wako watu wanaohamisha kanda katika MKV kwanza, kisha hubadilisha kasha baadaye.

Vyombo vya kazi hii si ghali; vilivyo vizuri hutolewa bure. VLC, ianzayo katika kazi ya wanafunzi wa chuo kimoja karibu na Paris mwaka 1996, hucheza karibu kila kasha na kila kodeki, na huweza kugeuza pia. FFmpeg, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard wa Ufaransa mwaka 2000, huandikiwa amri kwa maneno na haina picha za kubonyeza. Inatisha kidogo mwanzoni, lakini programu nyingi nyingine zimejengwa juu yake. HandBrake yafaa zaidi kwa mwanafunzi. Ama sinema za watu wengine, Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003, na kugeuza kazi ya mtu hakuifanyi kuwa kazi ya aliyeigeuza, hasa akiiuza.

Imebaki hesabu ambayo fundi huifanya kabla ya kuanza, ajue atabana kwa kiasi gani. Kiasi cha kubana huhesabiwa kwa biti za kila sekunde, na biti nane ni baiti moja. Mathalani sinema ni ya saa mbili, yaani sekunde 7,200, na kadi imebakiwa na nafasi ya baiti 900,000,000. Zidisha kwa nane, upate biti 7,200,000,000. Gawanya kwa sekunde 7,200, upate biti 1,000,000 kwa kila sekunde. Sauti na ipewe biti 128,000. Picha hubakiwa na 872,000. Kwa kioo kidogo hizo zatosha sana. Kanda ya harusi ya saa tatu, ikitiwa katika faili kubwa ya kuweka kwa biti 5,000,000 kwa kila sekunde, itachukua baiti 6,750,000,000. Kadi nyingi za simu za zamani zimepangwa kwa mtindo uitwao FAT32, usiokubali faili moja kupita gigabaiti nne na kidogo, hata kadi ikiwa tupu. Faili hiyo itakataliwa, na mwenyewe atalaumu kadi bure. Haina budi kukatwa vipande viwili.

Mwanafunzi na afanye hesabu hizi mwenyewe. Maulidi ya Makunduchi yamepigwa picha kwa dakika 40, na kadi ina nafasi ya baiti 360,000,000. Sauti ikipewa biti 128,000 kwa sekunde, picha itapata ngapi? Na kama kioo cha simu ni cha nukta 640 kwa 480, nukta zake ni mara ngapi ya nukta za kioo cha 320 kwa 240?